Kurudisha Kiwandani Kiwambo cha Sauti cha Zamani cha .22 ili Kijengwe Upya: Mwongozo kwa Wamiliki Walioko Marekani

Maswali ya wanaoanza kuhusu kiwambo cha sauti cha silaha ya .22 (yaani bomba linalofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza mlio wa risasi yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22) hayatofautiani sana. Kiwambo changu cha .22 kimeanza kupiga kelele kuliko zamani, je, kimekufa? Kampuni iliyokitengeneza ilishafungwa, nani atakubali kukishika? Nikikituma kwa fundi aliye jimbo jingine, nitakuwa nimevunja sheria ya shirikisho? Nitalipa kodi upya? Na mara nyingi linafuata swali ambalo lingepaswa kutangulia: kiwambo hiki ni cha marehemu mzee wetu, karatasi zake sizioni, nifanye nini?

Mwongozo huu unamhusu msomaji anayeishi Marekani, katika mojawapo ya majimbo 42 yanayomruhusu raia wa kawaida kumiliki kiwambo cha sauti, na ambaye ana kiwambo kilichokwisha kusajiliwa serikalini. Haufundishi kutengeneza kiwambo wala kubadilisha viungo vya ndani kwa mikono yako, kwa sababu kazi hizo zina leseni zake, na anayezifanya bila leseni au kibali anaweza kufungwa hadi miaka 10. Kazi yako wewe ni ya karatasi, ya ukaguzi na ya mawasiliano, nayo ukiifanya kwa mpangilio haina ugumu wowote.

Nadharia ni kidogo tu. Kiwambo ni bomba lenye visahani vilivyopangwa ndani, kila kimoja kikiwa na tundu katikati. Gesi inayotoka nyuma ya risasi hunaswa kati ya visahani hivyo, ikapoa na kupungua kasi kabla ya kufika hewani. Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1909, naye alikuwa mtoto wa yule Maxim ambaye bunduki yake ya mashine ilitumiwa na majeshi ya wakoloni kwetu Afrika Mashariki. Risasi ya .22, ambayo baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingoni mwa ganda, ina tabia moja inayokihusu sana kiwambo: mara nyingi kichwa chake ni madini ya risasi yasiyovikwa shaba, tena kimepakwa nta. Kila mlio huacha masizi, nta na chembe za madini hayo ndani ya bomba, navyo hushikamana tabaka juu ya tabaka hadi nafasi iliyokusudiwa kwa gesi ikajaa. Viwambo vingi vya zamani vilichomelewa pande zote mbili, kwa hiyo mmiliki hakuwa na njia ya kuvisafisha hata kama angetaka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa nakala ya fomu ya usajili iliyoidhinishwa na ATF, yaani idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi. Kwa wamiliki wengi hiyo ni Fomu ya 4, ya kuhamishia kiwambo kwa mnunuzi, yenye stempu ya kodi. Kama kiwambo kimesajiliwa kwa jina la amana ya kifamilia, tafuta pia hati ya amana hiyo. Halafu uwe na tochi ndogo yenye mwanga mkali, rula au kalipa, mizani ya jikoni inayosoma gramu, simu yenye kamera nzuri, glavu za mpira za kutupwa, na boksi gumu. Ukiweza kupata fimbo nyofu ya chuma ya kukagulia mstari wa mtutu, iliyotengenezwa kwa ajili ya .22, nunua, itakuokoa zaidi ya mara moja.

Hatua kwa hatua

1. Thibitisha kwamba kiwambo ni chako kisheria.

Usikiguse kifurushi kabla hujamaliza hatua hii. Linganisha namba ya mfululizo iliyochongwa kwenye kiwambo na ile iliyo kwenye fomu, herufi kwa herufi, kwa kuwa herufi O na sifuri, au I na moja, zimewasumbua wengi. Linganisha pia jina la mtengenezaji, kipenyo cha risasi na urefu. Kama umehama tangu fomu ilipoidhinishwa, kiwambo hakihitaji kibali cha kuvuka mpaka wa jimbo kama kinavyohitajika kwa bunduki zenye mtutu mfupi, lakini hakikisha jimbo uliloko sasa linaruhusu viwambo. California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island haziruhusu, na mji mkuu Washington, D.C. pia hauruhusu. Kiwanda hakitakubali kukurudishia kifaa huko hata kama kilitoka kwako.

Kiwambo cha urithi kina njia yake. Msimamizi wa mirathi anatakiwa kukihamishia kwa mrithi halali kwa Fomu ya 5, ambayo haina kodi, na uhamisho huo uidhinishwe kabla ya mrithi kukipeleka popote. Kumwachia kiwanda kifaa ambacho kwenye kumbukumbu za serikali bado ni cha mtu aliyefariki ni kukiweka kiwanda na wewe mwenyewe mahali pabaya. Kama fomu imepotea, mmiliki aliyesajiliwa au msimamizi wa mirathi anaweza kuiandikia ofisi ya ATF inayoshughulikia silaha hizi, iliyoko Martinsburg, West Virginia, akaomba nakala. Ikidhihirika kwamba kiwambo hakikusajiliwa kamwe, simama hapo na umtafute wakili wa masuala ya silaha, kwa sababu kifaa ambacho hakikusajiliwa hakiwezi kusajiliwa baadaye na aliyekikuta kabatini.

Jambo jingine linawahusu hasa ndugu zetu waliofika karibuni. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki kiwambo kwa masharti yaleyale ya raia, bali aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya utalii kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala kiwambo, isipokuwa awe katika mojawapo ya vighairi vichache, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kama hali yako ya uhamiaji imebadilika tangu uliponunua, litatue hilo kwanza.

2. Hakikisha kweli tatizo ni la kiwambo.

Viwambo vingi vinavyosemwa vimekufa havijafa. Kelele ikiongezeka, anza na risasi unazotumia: risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani takriban mita 340 kwa sekunde, hutoa mpasuko wake yenyewe angani, na hakuna kiwambo kinachoweza kuunyamazisha. Jaribu aina ya mwendo wa chini ya sauti kabla ya kulaumu chuma. Kumbuka pia kwamba mlio wa kwanza baada ya kiwambo kukaa bila kutumika huwa mkubwa kidogo kuliko inayofuata, kwa sababu ya oksijeni iliyomo ndani. Huo si ubovu.

Risasi zikianza kutawanyika kwenye shabaha, au tundu kwenye karatasi likawa la mviringo uliovutika kana kwamba risasi imeingia ubavu, acha kupiga mara moja. Toa risasi zote, ondoa bolti au ufungue silaha kwa namna ambayo utaweza kuona kupitia mtutu, kisha tazama kutoka upande wa chemba kuelekea kwenye mwanga. Tundu la kiwambo linatakiwa lionekane kama duara ndani ya duara. Likiwa limeegemea upande mmoja, chunguza nyuzi za skrubu zilizo kwenye ncha ya mtutu wako kabla hujachunguza kitu kingine chochote, maana nyuzi zilizokatwa upande, au bega la mtutu lenye masizi, hukipindisha kiwambo kizima chenye afya njema. Ukikijenga upya kiwambo na kukirudisha kwenye mtutu uleule uliokatwa vibaya, visahani vipya vitagongwa kama vilivyogongwa vya zamani.

Kisha kipime uzito. Watengenezaji wengi huchapisha uzito wa kifaa kikiwa kipya, na kiwambo cha .22 kilichochomelewa ambacho kimetumika kwa miaka mingi bila kufunguliwa kinaweza kuwa kimeongezeka makumi ya gramu, uzito wa madini ya risasi peke yake. Huo ni ushahidi mzuri wa kukiambia kiwanda.

*Onyo.* Usikubali ushauri wa kukiloweka kiwambo katika mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi. Ni kweli kwamba mchanganyiko huo huyeyusha madini ya risasi, ila kinachobaki kwenye bakuli ni chumvi ya sumu kali inayopenya ngozi na isiyoruhusiwa kumwagwa kwenye sinki wala uwanjani. Tena, visahani vya alumini, ambavyo ni vingi katika viwambo vya zamani vya .22, hushambuliwa na mchanganyiko huo. Ushauri huu husambaa kwa sababu matokeo yake huonekana haraka, lakini madhara yake huchelewa.

3. Soma maandishi yote na upige picha.

Safisha nje kwa kitambaa na mafuta mepesi tu. Usitumie msasa wala brashi ya chuma karibu na namba. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2002 zinataka namba ichongwe kwa kina kisichopungua elfu tatu za inchi, lakini viwambo vya kabla ya hapo vilikuwa na michoro hafifu, mingine ikiwa imefunikwa na rangi nyeusi iliyopakwa mara ya pili, kiasi kwamba ukiishika kwenye mwanga wa dirisha huioni, na ukiilaza tochi ubavuni mwa bomba inajitokeza yote. Piga picha ukiwa umelaza tochi hivyo. Piga picha ya kila ncha, ya nyuzi, ya mikwaruzo na ya uvimbe wowote. Pima urefu na kipenyo cha nje, uandike.

Uvimbe au ufa kwenye bomba la nje una uzito kuliko uchafu wa ndani, na sababu yake imeelezwa katika hatua ya tano.

4. Tafuta nani atakayefanya kazi.

Anza na aliyekitengeneza. Kama kampuni bado ipo, ina michoro ya kifaa na kwa kawaida itakubali kukipokea hata baada ya miaka mingi. Baadhi huvikarabati kwa dhamana, na nyingine humshauri mteja aweke ndani mpangilio mpya wa visahani badala ya ule wa zamani. Tatizo ni kwamba biashara hii imebadilisha wenyewe mara nyingi. Gemtech ilinunuliwa na kampuni mama ya Smith & Wesson mwaka 2017; Advanced Armament ilikuwa chini ya Remington, na Remington ilipofilisika mwaka 2020 jina hilo likauzwa kwa wengine; Military Armament Corporation ya miaka ya 1970 ilikufa zamani ikiwa imeacha viwambo vyake mikononi mwa watu. Aliyenunua jina si lazima awe amenunua pia wajibu wa kuhudumia vifaa vya zamani, kwa hiyo uliza, usikisie.

Pale ambapo mtengenezaji hayupo, au yupo na amekataa, tafuta kiwanda kingine chenye leseni ya kutengeneza silaha na ambacho kimelipia kodi maalumu ya kushughulika na silaha za sheria ya mwaka 1934, yaani sheria ya shirikisho inayosimamia viwambo, bunduki za mashine na bunduki zenye mtutu mfupi. Wenye kazi hii huitambua hali hiyo kwa namba 07 ya leseni na 02 ya kodi. Fundi bunduki wa kawaida, hata awe hodari, hatoshi kwa kazi hii, kwani visahani vipya vyenyewe vinahesabiwa kisheria kuwa viwambo na ni mtengenezaji mwenye sifa hizo tu ndiye anayeweza kuvitengeneza na kuviweka bila usajili mpya. Mwombe kiwanda nakala ya leseni yake; anayefanya kazi halali hukutumia bila manung'uniko.

Mimi ningemchagua fundi anayeuliza maswali mengi kuliko anayetaja bei upesi. Anayekuuliza kipenyo cha bomba, chuma kilichotumika, namba imechongwa wapi na unatumia silaha gani, huyo anajua anachokwenda kukutana nacho.

5. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya kutuma.

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo wanaoanza wanapoharibu. Mwongozo wa ATF kuhusu ukarabati unasema kwamba bomba la nje lililoharibika linaweza kurekebishwa, mradi matengenezo hayabadilishi vipimo vya kiwambo wala kipenyo cha risasi yake, isipokuwa kwamba bomba laweza kufupishwa. Na mradi namba na alama za utambulisho hazifutiki. Kulibadilisha bomba lenye namba na kuweka jipya ni kutengeneza kiwambo kingine. Kwa lugha nyepesi, bomba lako la zamani likiwa zima, karibu kila kilichomo ndani kinaweza kufanywa kipya. Likiwa limepasuka kiasi cha kutorekebishika, huna cha kujenga upya, na unachonunua ni kiwambo kipya chenye usajili mpya.

Kwa hiyo barua yako kwa kiwanda iwe na mambo haya, katika sentensi kamili: unataka viungo vya ndani vibadilishwe, bomba na namba vibaki, urefu usizidi ulioandikwa kwenye fomu, kipenyo cha risasi kibaki .22; nyuzi ziwe za aina fulani; na usafishaji au upakaji rangi usiguse eneo la namba. Kuhusu nyuzi, silaha nyingi za .22 zinazouzwa Marekani sasa hutumia nusu inchi yenye nyuzi 28 kwa inchi, na za Ulaya mara nyingi ni nusu inchi yenye nyuzi 20. Viwambo vya zamani vina nyuzi za kila namna, na ukarabati ndio wakati mwafaka wa kuweka kifuniko cha nyuma chenye nyuzi zinazokubaliana na silaha uliyonayo leo.

Ulizia iwapo mpangilio mpya utaweza kufunguliwa na mmiliki kwa usafi. Kama kiwambo kilikuwa kimechomelewa na kiwanda kinaweza kukipa kifuniko cha skrubu bila kuongeza urefu, chukua, hata ikigharimu zaidi. Hilo peke yake lina faida kuliko kupunguza kelele kwa desibeli mbili tatu. Viwambo vya zamani zaidi vilivyotegemea vizibo vya mpira, ambavyo risasi hupita ikivigusa, vinafaa kupewa visahani vya chuma, maana mpira huo huisha upesi na kila kipande cha akiba nacho ni kiwambo machoni pa sheria.

*Onyo.* Usiombe kurudishiwa visahani vya zamani kama kumbukumbu. Kipande chochote kilichokusudiwa kwa ajili ya kiwambo pekee kinahesabiwa kuwa kiwambo, na ukikaa na visahani vya zamani mkononi huku vipya vikiwa ndani ya bomba, una viwambo visivyosajiliwa. Viache viharibiwe kiwandani.

Mwisho katika hatua hii, fanya hesabu. Tangu mwaka 1934 uhamisho wa kiwambo ulikuwa na kodi ya dola 200, na kodi hiyo ndiyo iliyowafanya watu wengi wakikumbatie kiwambo kibovu, kwa kuwa kukarabati hakukuwa na kodi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kodi ya kiwambo imeshushwa hadi sifuri, ingawa usajili, alama za vidole na uchunguzi wa ATF vimebaki vilevile. Maana yake ni kwamba gharama ya ukarabati sasa ishindanishwe moja kwa moja na bei ya kiwambo kipya cha .22. Kwa kifaa cha kawaida cha alumini kilichochakaa, mara nyingi kipya kitashinda. Kwa kifaa chenye historia, chenye bomba zuri, au kilichotoka kwa mzazi, ukarabati bado una mantiki.

6. Amua kuhusu Fomu ya 5.

Kumpelekea mwenye leseni kifaa kwa matengenezo hakuhesabiwi kuwa uhamisho wa umiliki, kwa hiyo ATF hailazimishi fomu yoyote. Hata hivyo inashauri itumike Fomu ya 5 ili kuwe na kumbukumbu kwamba kifaa kimekwenda kukarabatiwa, na viwanda vingine havipokei bila hiyo. Ukiitumia, subiri idhini kabla ya kutuma, na utarajie fomu nyingine wakati wa kurudishiwa. Ushauri wangu ni kufuata utaratibu wa kiwanda chako. Kama kimekuachia uamuzi, barua pepe za makubaliano, nakala ya fomu ya usajili na risiti ya usafirishaji huwatosha wamiliki walio wengi.

7. Funga na utume.

Sheria ya shirikisho inamruhusu mtu asiye na leseni kumtumia mwenye leseni kifaa kwa matengenezo, hata akiwa jimbo jingine, na mwenye leseni kukirudisha moja kwa moja kwa mwenyewe. Kikwazo huwa ni kampuni za usafirishaji, ambazo zina masharti yao makali kuliko sheria na nyingine hupokea vifurushi vya aina hii kutoka kwa wenye leseni tu. Njia iliyo salama ni kukiomba kiwanda kikutumie lebo yake ya usafirishaji na namba ya kupokelea kazi. Kisipoweza, nenda kwa muuzaji mwenye leseni aliye karibu nawe, mwenye sifa za kushughulika na viwambo, akutumie yeye kwa ada.

Ondoa kiwambo kwenye silaha. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki ili masizi yasitoke, kisha kwenye sponji, kisha ndani ya boksi gumu lisiloandikwa nje jambo lolote kuhusu silaha. Weka ndani nakala ya fomu ya usajili, barua ya makubaliano, anwani na simu yako. Fomu halisi ibaki nyumbani, siku zote. Kata bima kwa thamani kamili na utake sahihi ya mtu mzima wakati wa kupokelewa.

*Onyo.* Hakuna kutuma nje ya Marekani. Viwambo vimebaki kwenye orodha ya silaha zinazosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na kumtuma ndugu anayekwenda Nairobi, Dar es Salaam au Muscat abebe kimoja begini, au kuagiza kiletwe kukarabatiwa kutoka huko, ni kosa zito pande zote mbili kama hakuna vibali.

8. Subiri, na ujibu upesi.

Kiwanda kikikifungua kitakueleza kilichokuta. Huenda makadirio yakapanda kwa sababu visahani vimegandana na madini ya risasi hadi vikalazimika kukatwa kwa mashine ya kereza. Omba picha, soma, jibu kwa maandishi. Mabadiliko yoyote ya vipimo yanayopendekezwa njiani yarudishe kwenye masharti ya hatua ya tano.

9. Kagua kikirudi.

Kabla ya kukifunga kwenye silaha, soma namba ya mfululizo tena na uilinganishe na fomu. Pima urefu. Pima uzito na uuandike mahali utakapoupata, kwani huo ndio uzito wako mpya wa kulinganishia. Mulika ndani kwa tochi uone kama matundu yamepangika kwenye mstari mmoja. Kisha, silaha ikiwa tupu na chemba imekaguliwa, kaza kiwambo hadi bega likutane na bega, pitisha ile fimbo kwenye mtutu, na uangalie nafasi iliyopo kati ya fimbo na ukingo wa tundu la mbele. Nafasi iwe sawa pande zote. Ikiwa fimbo imegusa ukingo, usipige hata risasi moja.

10. Jaribu polepole.

Piga risasi moja kwenye karatasi iliyo karibu, kisha toa risasi, hakikisha chemba ni tupu, na ukague ukingo wa tundu la mbele na ukazaji wa nyuzi. Rudia hivyo kwa risasi chache za mwanzo. Vaa kinga ya masikio hata kama sauti inaonekana ndogo: bunduki ya .22 bila kiwambo hufika karibu desibeli 140, kiwango ambacho sheria za usalama kazini Marekani zimekiweka kuwa mpaka wa juu wa mlio wa ghafla, na kiwambo huishusha sauti hiyo bila kuimaliza.

Kama kiwambo sasa kinafunguka, kisafishe kila baada ya risasi mia tatu hadi mia tano, ukiwa umevaa glavu, nje au mahali penye hewa, mbali na vyombo vya chakula na watoto, na unawe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika kitu kingine. Hili la watoto lichukuliwe kwa uzito, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi huwadhuru wao zaidi ya watu wazima.

Mambo yanapokwenda kombo

*Kiwanda kinasema bomba haliwezi kuokolewa.* Omba picha ya ufa na maelezo kwa maandishi. Ukiridhika, una njia mbili: kirudishwe kama kilivyo, au kiharibiwe na ATF iarifiwe kwa maandishi ili kumbukumbu zake zirekebishwe. Usikitupe jalalani, kiwambo kibovu bado ni kiwambo.

*Namba imefifia baada ya kusafishwa.* Usijaribu kuichonga upya mwenyewe. Kirudishe kwa kiwanda kilekile pamoja na picha ulizopiga katika hatua ya tatu, nacho kitajua utaratibu wa kuirejesha kwa idhini.

*Kimerudi na urefu umezidi ule wa kwenye fomu.* Tofauti ya upana wa kucha inaweza kuwa ya namna ya kupima tu, mmoja akipima na kifuniko na mwingine bila kifuniko. Ikizidi hapo, usikitumie. Wasiliana na kiwanda siku hiyohiyo na uweke kumbukumbu ya mawasiliano.

*Kelele haijapungua.* Badilisha risasi kwanza, halafu badilisha silaha. Bastola inayojipakia yenyewe hutoa sehemu ya kelele kupitia dirisha la kutupia maganda, na bunduki ya bolti ikitumia kiwambo hichohicho husikika kimya zaidi. Kama kwenye bunduki ya bolti nako kelele ni ileile, rudi kwa kiwanda ukiwa na majina ya risasi ulizojaribu.

*Kiwambo kinalegea kila baada ya milio michache.* Safisha bega la mtutu na uso wa ndani wa kifuniko cha nyuma. Chembe moja ya masizi hapo inatosha kukizuia kukaa. Kikiendelea kulegea, nyuzi hazilingani, na kinachohitaji fundi sasa huenda ni mtutu.

*Umehamia jimbo lisiloruhusu wakati kiwambo kiko kiwandani.* Kijulishe kiwanda kisikitume. Kinaweza kukaa huko hadi utakapokiuza kwa uhamisho halali kwa mtu aliye katika jimbo linaloruhusu, na uhamisho huo utapitia kwa muuzaji mwenye leseni na idhini ya ATF kama uhamisho mwingine wowote.